Uzi wa Kukatika

4 Februari

Dada yangu,

Nimefika, nimepokewa, nimepewa kitanda cha chini. Mimi sijambo. Cha juu analala fundi umeme mmoja, mwanamke mwenzangu, ambaye kila mtu anamwita Kengele, kwa sababu hajui kunong'ona. Hata akikoroma anakoroma kwa kutangaza.

Siku ile unanisindikiza ulisema nikifika nikueleze kazi yenyewe, na nisikujibu "mitambo" nikadhani nimejibu. Haya. Kuna bomba limezungushwa likawa pete, pete kubwa, ukitembea kando yake miguu inauma kabla hujarudi ulipoanzia. Ndani hamna hewa. Humo zinazungushwa chembe za protoni, ndogo kuliko chochote unachoweza kufikiria, zimefuatana zikawa kama mwale mmoja. Kila chembe ni kama pia ya watoto: inajizungusha yenyewe papo hapo, huku inakimbia. Na kama pia hiyo, ina upande inakoelekea. Sisi tunasema ina mshale. Zinaingia kwenye pete mishale yote ikiwa imetazama juu, na kazi ya chumba chetu ni kuona haitawanyiki. Ikitawanyika, watafiti waliokuja kuutumia mwale hawapati kitu.

Mimi nimepewa uzi. Usicheke. Ni uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, umewambwa kwenye fremu. Mishale haionekani kwa macho wala kwa darubini. Ukitaka kujua imetazama wapi, unapitisha uzi katikati ya mwale, chembe chache zinaugonga na kuruka pembeni, na kwa jinsi zilivyoruka unajua. Kila ukipima, unapoteza mwale kidogo. Na uzi wenyewe hukatika.

Kuna na nyoka wawili kwenye pete, lakini hayo siku nyingine. Nimechoka.

Simu tunaziacha getini na hosteli mtandao haushiki, kwa hiyo tuandikiane.

Nguo nzito za mtoto ziko kwenye mfuko wa bluu.

Mdogo wako


13 Februari

Mdogo wangu,

Nyoka wawili! Unaandika nyoka wawili kama mtu anayesema kuna viti viwili sebuleni. Nimemsomea shemeji yako, akaweka kijiko chini akasema, "Mwambie arudi." Mteja aliyekuja kupunguziwa sketi ameshaeneza mtaa mzima kwamba mdogo wangu anafuga nyoka wa serikali. Tafadhali nieleze kabla sijakosa wateja.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipomuulizia mtoto. Nimeona mfuko wa bluu.

Basi nikwambie bila kuulizwa. Mtoto hajambo. Siku hizi anaitwa Kifungo, tangu nilipomtoa kifungo cha koti la mwalimu mdomoni, na jina limemganda. Anasimama kwa kushika mguu wa cherehani. Mchana halali mpaka asikie cherehani inakwenda. Nikisimamisha mguu anafumbua jicho moja kama mlinzi, ananitazama: vipi, umeacha kazi? Nikikanyaga tena analifunga. Juzi nilimaliza kushona, nikaendelea kukanyaga patupu, bila uzi bila kitambaa, shemeji yako akanikuta, akasema sasa nimeingia kichaa rasmi.

Najua tangu tulipomzika mume wako hujawa mtu wa maneno. Sikulazimishi. Lakini uliondoka hapa mtoto analia, na wewe ukawa unatafuta tiketi kwenye mkoba, unatafuta, unatafuta, na tiketi iko mkononi. Nililiona hilo. Nimelinyamazia, sasa nimelisema.

Unakula?

Dada yako, Fundi


25 Februari

Dada,

Ninakula.

Nyoka ni sumaku. Zimepangwa kwa kujipinda hivi na hivi, mwale ukipita ndani yake unakwenda kwa kunesanesa, ndiyo maana wakaziita nyoka. Mwambie mwenye sketi atulie.

Kazi yake ni hii. Mwale unapozunguka, kila sumaku inaugeuza mshale kidogo, na makosa madogo yanajumlishana mpaka mshale unapotea. Nyoka wa kwanza anaipindua mishale, kichwa chini. Kwa hiyo kosa ililookota nusu ya kwanza ya pete, nusu ya pili inalifuta. Nyoka wa pili anaipindua tena. Ikirudi ilipoanzia ni kama haikwenda popote. Hapo mshale hauna upande unaoupenda. Juu, chini, mbele, kwake ni sawa. Mkuu wa zamu yetu, mama mmoja mwenye mafua yasiyoisha, anasema hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote, kwa sababu kisumaku kidogo tu, cha kubeba kwa mkono mmoja, kinatosha kuishika mishale yote na kuielekeza unakotaka.

Nilipomsikia nilifikiri hiyo hali naijua. 

Nyuzi zimebaki chache na nyingine hazijafika. Napima mwanzo tu, mwale unapoingia. Baada ya hapo naangalia skrini. Mwale una nguvu, taa zote za kijani. Naandika "salama", nakabidhi zamu.

Mashine ni nzima. Mimi ni mzima.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Nina mambo mawili, na yote nimeyakatia kitambaa vizuri kabla ya kushona, usidhani nimekurupuka.

La kwanza. Shemeji yako amepata kazi mji mwingine, bandari ya mizigo, na nyumba amepewa. Tunahama mwanzoni mwa Mei. Wewe mkataba wako unaisha mwishoni mwa Aprili, na ulisema huenda wakakuongezea. Nakuuliza: Kifungo anakwenda na sisi, au?

Nisikufiche. Ninamtaka. Unajua miaka niliyokaa nikishonea watoto wa watu. Anapata jino la sita na mimi ndiye niliyekuwa naye kwa yote. Ananiita mama. Sikumfundisha. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mimi mama mkubwa," akanitazama, akasema "mama", akaliacha hilo "mkubwa" kama mtu anayetema mbegu. Tangu hapo sijamsahihisha. Hilo ni kosa langu, lakini nimeshalizoea.

La pili. Jumatano alikuwa na homa. Imekwisha, usishtuke. Ilipopanda nilitafuta namba ya kazini kwako nikapiga. Akapokea mtu anayepiga kelele, nadhani ndiye huyo Kengele wako. Nikamwambia simu zenu si mnaacha getini? Akacheka. "Nani kakwambia? Huyu simu yake iko kwenye meza yake hapa, imelala kifudifudi. Nimpe?" Nikasema hapana, nilitaka kujua saa tu.

Kwa hiyo simu unayo. Na mtandao unashika.

Sitakuuliza kwa nini. Nakuuliza hilo la kwanza.

Fundi


15 Machi

Dada,

Simu ninayo. Kila nilipopiga nikiwa bado njiani, siku zile mbili tatu kabla sijafika, ulimwekea simu sikioni akapiga kelele zake, na mimi nikasubiri kusikia kitu moyoni. Sikusikia. Nikaona ni afadhali nisipige kuliko kupiga na kujua.

Mchukue. Wewe ni mama mzuri. Itakuwa sawa.

Nashukuru kwa homa.

Mdogo wako


22 Machi

Wewe mtoto,

"Nashukuru kwa homa." Umekisoma ulichoandika?

Nilipopata barua yako nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo lilivyo. Nilimbeba Kifungo nikamzungusha chumba kizima mpaka akacheua begani kwangu. Nikaanza kupima mapazia yake ya chumba kipya. Halafu mkasi ukasimama.

Mimi ni fundi. Mtu akiniletea suruali ya kupunguza pindo, suruali, mdogo wangu, ananiuliza itakuwa tayari lini, ananiambia usiiunguze kwa pasi, anageuka mlangoni kuiangalia tena. Wewe umenipa mtoto kwa mistari miwili na hujageuka. Zawadi ya namna hiyo siipokei. Siku moja utaamka, uje mlangoni kwangu unalia, na mimi nitakuwa na mtoto wa miaka saba anayejificha nyuma ya gauni langu. Hapo tutakuwa tumeumia watatu badala ya mmoja.

Shemeji yako anasema ninajichimbia shimo mwenyewe, jibu nilishapewa. Nimemwambia anyamaze ale.

Nakuuliza mara moja tu tena. Ukiniambia mchukue, nitamchukua, na mlango nitaufunga. Lakini nijibu kama mtu aliyepo.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Sijakujibu haraka kwa sababu huku kumetokea jambo.

Nimeharibu kazi ya wiki nzima. Nilikuwa napima mwanzo tu ili kutunza nyuzi. Mwale ukiingia, mishale yote juu, naandika salama. Siku moja mkuu wa zamu alikuja mchana, akapenga kamasi, akasema, "Tupitishe uzi." Nikamwambia asubuhi ilikuwa nzuri. Akasema, "Sikukuuliza asubuhi." Tukapitisha. Hakuna kitu, dada. Mwale ulikuwa mzima kabisa, unazunguka, una nguvu, skrini kijani kutoka juu hadi chini. Lakini mishale imetazama kila upande. Kile kisumaku kidogo cha kuelekeza kilikuwa kinajizima kila mwale ukishaingia, na taa yake ilikuwa imeunganishwa vibaya, ikawa inawaka tu. Na kwa kuwa mishale haina upande inaoupenda, ilichukuliwa na chochote kilichopita. Watafiti walikuwa wanakusanya takwimu siku zote hizo. Wamezitupa.

Nilisubiri kufokewa. Kengele, ambaye ndiye aliyeunganisha ile taa, alikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mkuu akaniuliza, "Kwa nini hukupima?"

"Niliogopa uzi utakatika."

"Uzi ni wa kukatika," akasema. "Tumeuleta ukatike. Ungekuwa wa kutunzwa tungeufungia kabatini na funguo."

Akatafuta leso, hakuiona, akajifuta kwa mkono wa koti, akaondoka. Hayo ndiyo yote.

Tulitupa mwale, tukarekebisha, tukaingiza mpya. Kesho yake akanikalisha kwenye kiti cha kisumaku. Watafiti wanataka mishale iliyotazama juu itazame chini, yote kwa pamoja. Hiyo haifanywi kwa kuigeuza ghafla. Ukiivuta ghafla, mingine inafuata, mingine inabaki, na ikishatengana hakuna wa kuikusanya, unatupa mwale na kuanza upya. Unazungusha kisumaku polepole mpaka unaona aibu. Kengele akaanza, "Konokono kakupita kushoto." Baadaye, "Kashafika kwao, kaoga." Mkuu akamwambia atoke nje. Nikaendelea. Nikapitisha uzi katikati ya safari. Ukakatika, tukaweka mwingine. Nikapitisha mwisho. Yote ilikuwa chini. Yote ilikuja, dada.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikusikia kitu moyoni. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, nikatoa simu, nikapiga kwako.

Ile simu ya Jumanne mchana iliyokaa kimya ni mimi. Ulisema "haloo, haloo, nani huyu asiye na adabu," halafu nadhani uliiweka mezani bila kukata. Nikasikia cherehani. Nikasikia mtoto anakuita mama, wewe ukaitikia "bee" bila kusimamisha mguu, kama kitu cha kila siku.

Nataka nikwambie nilisikia upendo. Sitakudanganya tena. Nilisikia wivu. Kidogo tu, na kibaya. Nilikuonea wivu ile "bee". Lakini tangu tulipomzika baba yake sikuwa nimemwonea mtu yeyote kitu chochote. Nilikaa na ule wivu mpaka zamu ikaisha, nikaogopa usije ukaondoka.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sikupi mtoto. Najua umenunua vitambaa vya mapazia na najua ninachokufanyia. Utanichukia na utakuwa na haki, lakini jibu ni hapana.

Ila sitakuja kumnyakua. Mkataba sitauongeza. Nitakuja wiki ya mwisho ya Aprili, nikae kwenu kabla hamjahama, nilale sebuleni. Mbebe wewe, mlishe wewe, mimi nikae karibu tu. Siku nyingine nitamshika kidogo. Akilia nitamrudisha kwako. Mkishahama nitabaki naye kwenye nyumba hiyo hiyo, kuta zile zile. Sijui kama itatosha. Nitakuwa napima.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Nimelia, sasa nimemaliza, kwa hiyo soma vizuri.

Haogeshwi kichwa kwanza. Miguu kwanza, kichwa mwisho, na umwonyeshe taulo kabla.

Usimwambie "njoo". Kaa chini ujishughulishe na kitu. Atakuja mwenyewe kukagua.

Achezee vifungo vikubwa tu, vile vyekundu. Vidogo viko juu ya kabati na vibaki huko.

Akiniita mama usimsahihishe. Na akikuita mama usimsahihishe.

Mapazia nimeyashona hata hivyo, nimeyapunguza yakae kwenye dirisha la chumba cha nyuma, hapa hapa. Kitambaa kilishakatwa, ningekipeleka wapi?

Shemeji yako anasema mimi nina kichwa cha jiwe, nawe una cha chuma, na mtoto amerithi vyote viwili. Alikuwa amegeukia ukutani aliposema.

Tiketi usiitafute mkobani safari hii.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu Fundi,

Nilidhani gari la mizigo limesahau. Nilikimbia nyuma yake mpaka kona nikipunga mkono, "Cherehani! Mmeacha cherehani!" Shemeji akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Haijasahauliwa, rudi ndani." Wewe hukugeuka. Nilikuona mabega.

Sasa utashonea nini huko? Niambie ukweli.

Kifungo alikutafuta. Chumba kwa chumba, halafu nyuma ya pazia, halafu akafungua kabati la chini. Alikaa mlangoni akawa anatazama barabara. Nilikaa sakafuni mbali naye, nikapanga vifungo vyekundu. Hakuja. Siku ya pili alikuja, akachukua kimoja, akarudi nacho mlangoni. Siku nyingine akaniletea kilekile, kimelowa mate, akaniwekea gotini.

Anakuita bado. Namwambia, "Mama mkubwa yuko safarini, mimi nipo." Hiyo "nipo" naisema hata wakati sina hakika nayo. Asubuhi nyingi bado naamka ni kama nimejazwa pamba. Namwogesha miguu, namwogesha kichwa, namlisha, mikono inajua kazi, mimi mwenyewe niko pembeni nasubiri. Nakuandikia hivi ili usije ukadhani mambo yamekuwa ya ajabu.

Jana mchana alikuwa na usingizi akawa anaukataa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikakaa kwenye cherehani yako, nikamlaza kichwa mkononi kwangu, nikakanyaga patupu. Bila uzi bila kitambaa. Mara ya kwanza nilikwenda mbio, akazidi kulia. Nikapunguza. Nikapunguza tena, mpaka gurudumu likawa linakaribia kusimama lakini halisimami. Akanyamaza. Akafumbua jicho moja, akanikagua, vipi, wewe nani. Nikaendelea kukanyaga. Akalifunga.

Sikusimamisha mguu. Mkono alioulalia ukaanza kufa ganzi, kwanza vidole, halafu kiwiko, halafu sikuusikia kabisa, ukawa kama mkono wa mtu mwingine uliowekwa pale. Ningeweza kumhamisha. Sikumhamisha. Alipogeuka mwenyewe upande wa pili damu ikarudi, na unajua inavyorudi: sindano, sindano, mkono wote unachomwa. Iliuma, dada. Iliuma kweli, machozi yalinitoka, na mguu unakanyaga, nikawa nauambia uchungu moyoni, usiishe, usiishe kwanza.

Simu iko mezani, imelala chali. Tupigie jioni. Nitamwekea sikioni kwanza, halafu niongee mimi.

Mdogo wako, mama Kifungo